Hita ya Maji ya Alfajiri: Rukhsa Isigeuke Maangamizi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Amma baad:



Msimu wa mvua uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa madrasa, mtoto wa miaka 11, alikosa darsa kwa siku nne. Aliporudi, mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Tulimuuliza, akanyamaza. Siku ya pili akaja mama yake, naye ndiye aliyetueleza.

Mtoto aliamka kabla ya adhana ili amwandalie bibi yake maji ya kutawadhia. Ndani ya ndoo ilikuwamo ile hita ya kuzamisha, fimbo ya chuma yenye waya mrefu ambayo wengine huiita koili. Alidhani umeme umekatika, kwani usiku ule ulikuwa ukienda na kurudi. Akatia vidole majini kuona kama yamepata moto. Umeme ulimpiga, akajitupa nyuma, ndoo ikapinduka na maji yakamwagikia mkono. Alhamdulillah, plagi ilichomoka alipoanguka, na mtoto yu hai.

Kisha mama akasema neno ambalo hatujalisahau: "Maalim, aliamka kwa sababu ninyi mlimfundisha fadhila za kumhudumia mzee."

Kweli tulimfundisha. Tulimfundisha pia maji saba yanayofaa kujitwaharishia: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya barafu. Mtoto anayahesabu kwa vidole bila kukosea. Lakini maji yenye fimbo ya umeme ndani yake, ambayo anakutana nayo kila alfajiri, hatukuwahi kuyataja hata siku moja. Ndiyo maana leo tumeona ni wajibu wetu kuyasema haya kwenu. Rai yetu tunaitanguliza wazi: hita ya ndoo haifai kuwamo katika nyumba yenye watoto. Anayetaka maji ya moto, zipo njia mbili za salama, moja ya bei nafuu na moja ya gharama, na zote mbili tutazieleza.

Juba na maji ya moto?

Huenda msomaji wa mbali akacheka. Juba hii ya joto, ambayo mwaka 2024 na tena mwaka 2025 shule zilifungwa kwa sababu ya ukali wa jua, ina haja gani na hita?

Anayeishi hapa anajua. Joto la Februari na Machi ni jambo moja, na alfajiri ya Julai au Agosti baada ya mvua ya usiku kucha ni jambo jingine. Wapo wazee wenye maumivu ya viungo. Yupo mama aliyejifungua, na mila zetu sote, tuliotoka Kenya, Uganda, Tanzania au tuliozaliwa hapa hapa, ni kumwogesha kwa maji ya moto. Yupo mtoto mchanga, na yupo mgonjwa wa malaria ambaye maji ya baridi humtetemesha. Basi haja ipo, wala hatumlaumu anayepasha maji. Tunachokizungumza ni namna ya kuyapasha.

Dini imesema nini?

Kwanza, maji yaliyopashwa moto yanafaa kwa udhu na kwa josho bila karaha, maadamu hayakuzidi moto kiasi cha kudhuru au kumzuia mtu kueneza maji vizuri. Imam Bukhari ametaja katika mlango wa udhu kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alitawadha kwa maji ya moto. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mzazi wake kuwa maji ya moto yanapunguza thawabu. Fadhila ya kutimiza udhu wakati wa tabu ni kwa aliyekutana na tabu akasubiri, si kwa anayeitafuta tabu kwa makusudi.

Pili, wanafunzi wetu hupenda kuuliza juu ya maji yaliyopata moto kwa jua, kwa kuwa matangi yetu ya juu ya nyumba huchemka mchana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, maji hayo yametajwa kuwa makuruhu kuyatumia mwilini yakiwa bado yana moto, lakini kwa masharti: yawe katika chombo cha madini kama chuma au shaba, na iwe ni nchi ya joto kali. Tangi la plastiki halimo katika sharti hilo. Na Imam Nawawi, ambaye ni miongoni mwa wakubwa wa madhehebu hayo, aliipa nguvu kauli ya kuwa hakuna karaha kabisa. Basi maji ya tangi la plastiki lililopigwa na jua la Juba ni neema ya bure. Anayeweza kuoga Alasiri au Magharibi kwa maji hayo, ana haja gani ya kuwasha hita?

Tatu, na hapa ndipo penye mzizi wa makala hii, sheria yetu haikumtaka mja ajiangamize kwa ajili ya tohara. Mnakijua kisa cha Amr bin Al-As (R.A.) katika vita vya Dhatus Salasil. Alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akahofia kufa kama ataoga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza, alijibu kwa kukumbusha aya ya Suratun Nisaa inayokataza watu kuziua nafsi zao. Mtume (S.A.W.) akacheka wala hakumlaumu. Kisa hiki amekipokea Abu Daud.

Tazameni basi. Ikiwa sheria imemruhusu mtu aache josho lenyewe pale panapohofiwa kifo na hakuna namna ya kupasha maji, vipi sisi tuhatarishe uhai wa mtoto ili tu maji yawe vuguvugu? Maji ya moto si sharti la tohara. Uhai ni amana. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara aya ya 195 tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizi. Kuacha fimbo ya umeme ndani ya ndoo, sakafu imelowa na watoto wanapita gizani, ni kujitupa kwa mikono yetu.

Umeme umekuja, waya ni zile zile

Kwa miaka mingi, kabla na baada ya uhuru wa Julai 2011, nyumba nyingi za Juba hazikuwa na umeme wa mji wa kutegemewa. Aliyeweza alinunua jenereta ndogo, akawasha taa mbili, feni na televisheni. Waya zilivutwa kwa kazi hiyo: nyembamba, za kuungwaungwa, zikipita juu ya mabati na kwenye nguzo za mbao. Mnamo Novemba 2019 mtambo mpya wa megawati 33 ulizinduliwa, mtandao wa nyaya za mji ukafufuliwa, na mita za kulipia kabla zikaanza kufungwa majumbani. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu, na bado tunamshukuru.

Lakini nyumba nyingi ziliunganishwa na umeme huo kwa waya zile zile za zamani. Waya uliowekwa kwa taa na feni, ambazo hutumia wati mia moja au mia mbili, sasa umechomekwa hita ya wati 1500 au 2000. Katika umeme wa volti 230, hita ya wati 2000 huvuta karibu ampea 9. Waya mwembamba wa ektensheni hupata moto, plastiki yake hulainika, na moto huanza ukutani au juu ya dari wakati watu wamelala. Nyumba ya makuti au ya nyasi haihitaji cheche ya pili.

Mtume (S.A.W.) alipopata habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina pamoja na watu wake, alieleza kuwa moto ni adui yetu, na akaamrisha uzimwe tunapolala. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Wao walikuwa na taa za utambi. Sisi moto wetu umo ndani ya waya, hauonekani, na kwa sababu hauonekani tunaulalia.

Kwa nini hita ya ndoo ni hatari?

Ni vizuri mjue inavyofanya kazi, kwani mwenye kujua sababu hashawishiki kirahisi.

Ndani ya lile bomba la chuma mna waya unaopata moto. Kati ya waya na bomba mna unga mkavu unaozuia umeme usitoke nje. Bomba likipata kutu au ufa, au likiwashwa bila maji likaungua, unga ule huingia unyevu na umeme huanza kuvuja majini. Kwa macho fimbo ni ile ile ya jana.

Ndoo ikiwa ya plastiki, umeme uliovuja hauna pa kupita, kwa hiyo hakuna dalili yoyote. Hita inaendelea kupasha kama kawaida. Unangoja njia ya kufika ardhini, na njia hiyo ni mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu iliyolowa akatia mkono majini. Ndoo ikiwa ya bati, ndoo yenyewe ndiyo inayobeba umeme, na anayeigusa tu anapigwa.

Wengine husema: "Sisi tuna breka, itakata." Hapana. Breka ya kawaida ya ampea 16 imewekwa kuulinda waya usiungue, haikuwekwa kumlinda mtu. Umeme wa sehemu 30 katika sehemu elfu moja za ampea moja ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ampea 16 ni zaidi ya mara 500 ya kiasi hicho. Mtu atakufa na breka haijashtuka.

Tena hita nyingi za namna hii zinazouzwa masokoni huja na plagi ya pini mbili. Pini ya tatu, ile ya waya wa ardhi, haipo kabisa, au ipo na sisi wenyewe tunaikata ili iingie kwenye soketi tuliyonayo. Tunakata kinga kwa kisu chetu wenyewe.

Njia ya kwanza: birika na kipimo cha Mtume

Njia ya bei nafuu tumekuwa nayo siku zote. Anas (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Wameipokea Bukhari na Muslim. Pishi ile ni kiasi cha lita tatu au chini yake kidogo. Sisi tunapasha ndoo nzima ya lita 20 kwa mtu mmoja, kisha tunalalamika kuwa uniti zimekwisha.

Fanyeni hesabu hii pamoja na watoto. Chukueni lita 3 za maji yaliyochemka, mzichanganye na lita 12 za maji ya kawaida yenye joto la nyuzi 25. Mtapata lita 15 za nyuzi 40 hivi, maji mazuri ya kuoga. Lita 3 zinachemka kwa jiko la mkaa, kwa gesi, au kwa birika la umeme. Birika la umeme zima, lenye kujizima lenyewe maji yakichemka na lenye plagi ya pini tatu, ni salama kuliko fimbo ya ndoo kwa mbali sana. Mtu hatii mkono ndani yake, na halikai chini sakafuni.

Sharti ni mbili. Birika lichemshwe jikoni, mahali pakavu, wala lisiingie bafuni. Na wakati wa kuchanganya, maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, na kazi hiyo aifanye mtu mzima. Mtoto akitumbukia kwenye beseni lililotiwa maji ya moto kwanza, hakuna wa kumlaumu ila sisi.

Njia ya pili: hita ya tangi iliyofungwa vizuri

Mwenye uwezo, au mwenye nyumba yenye wageni wengi, anaweza kufunga hita ya tangi ukutani. Hii ni salama kwa sharti ifungwe ipasavyo. Si kazi ya mwenye nyumba kujifungia, lakini ni haki yake kujua ataulizia nini:

1. Laini yake peke yake. Waya utoke kwenye kisanduku cha breka moja kwa moja mpaka kwenye hita, bila ektensheni na bila maungio njiani. Kwa hita isiyozidi wati 3000, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 16 ndivyo vinavyotumika kwa kawaida. Hita za bafuni zinazopasha maji papo hapo huvuta zaidi ya hapo na zinataka waya mnene zaidi. Msiziweke kwenye laini hiyo.

2. Waya wa ardhi. Ni ule wa rangi ya kijani na njano. Ufungwe kwenye mwili wa hita na ufike kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini. Udongo wa Juba wakati wa kiangazi hukauka na kuwa mgumu, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ichimbiwe kina cha kutosha, na mahali penye unyevu. Kwa nyumba ya mabati jambo hili ni kubwa zaidi, kwani waya mmoja uliochubuka unaweza kuufanya ukuta mzima uwe na umeme.

3. Kifaa cha kukata umeme unaovuja. Kinaandikwa herufi RCD, na kwa kulinda watu kiwe cha 30 mA. Hiki ndicho kinachohisi umeme mdogo ukipotea njia na kuukata kwa chini ya nusu sekunde. Kina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyezeni kila mwezi. Kisipokata, kimekufa, kibadilisheni.

4. Swichi nje ya bafu. Iwe inakata waya zote mbili, na iwe na taa ya kuonyesha kama imewashwa. Kanuni ya nyumba: hita izimwe kabla ya mtu kuingia kuoga.

5. Themostati na valvu ya kutoa presha. Themostati huzima hita maji yakifika joto lililowekwa. Valvu hutoa maji presha ikizidi. Ikidondosha matone, msiizibe kwa mpira au gundi. Tangi lililozibwa valvu linaweza kupasuka.

6. Maji kwanza, umeme baadaye. Hapa wengi wetu tunanunua maji ya magari, na siku gari lisipokuja tangi la juu huwa tupu. Hita ikiwashwa bila maji ndani, huungua. Hakikisheni bomba la moto linatoa maji kabla ya kuwasha.

7. Jenereta. Nyumba inayobadilisha baina ya umeme wa mji na jenereta, mwambieni fundi ahakikishe waya wa ardhi na kile kifaa cha RCD vinafanya kazi pande zote mbili. Na jenereta ndogo ya nyumbani isibebeshwe hita, haiwezi.

Kuhusu wakati

Watu wengi wanataka maji yawe tayari wakati wa adhana ya Alfajiri bila kuamka mapema, kwa hiyo hununua taima. Hapa pana jambo la kulielewa vizuri: taima ni ya hita ya tangi yenye themostati. Taima isifungwe kamwe kwenye hita ya ndoo. Ndoo ikipinduka au maji yakipungua, fimbo itaendelea kuwaka katika plastiki, na wewe umelala.

Kwa hita ya tangi, hesabu ni nyepesi. Lita 50 kutoka nyuzi 25 mpaka nyuzi 60, kwa hita ya wati 1500, huchukua kama dakika 80 na hutumia uniti 2 hivi. Hapa Juba tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo Alfajiri haihami sana: mwaka mzima huzunguka baina ya saa 10 na robo na saa 11. Anayeweka taima iwashe saa 9 usiku na kuzima saa 10 na nusu atakuwa na maji yake karibu mwaka mzima. Kuiacha hita imewaka usiku na mchana ni israfu, na mnajua Qur'ani imewafananisha wafujaji na nani.

Lakini taima za kuzungusha zenye vijino husimama umeme unapokatika. Umeme ukikatika saa nne, taima imechelewa saa nne. Hita uliyoipangia saa 9 usiku itawaka saa 1 asubuhi, watu wakiwa kazini na madrasa, na mtoto mdogo na dada wa kazi ndio waliobaki nyumbani. Hata ile siku ya tarehe 1 Februari 2021, saa za Sudan Kusini ziliporudishwa nyuma saa moja, taima ambayo haikurekebishwa iliendelea kufuata saa ya zamani. Basi nunueni yenye betri ndani inayokumbuka saa, na kila baada ya umeme kukatika itazameni. Asiyeweza kuitazama, bora awashe kwa mkono wake na kuzima kwa mkono wake.

Jambo la mwisho katika wakati: maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Mtoto asifungue bomba la moto peke yake.

Fundi gani?

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alikasirika sana, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza.

Kisa hiki ni cha maji, tohara na watu waliosema wasiyoyajua. Kinatuhusu moja kwa moja. Kijana anayejua kubadilisha balbu si fundi umeme. Na imepokewa pia kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara atakayoyaleta. Sisi tunaona fundi wa umeme anaingia katika maana hiyo hiyo. Enyi mafundi, mnaosoma hapa, mkiona waya wa nyumba haubebi hita, semeni. Msipokee ujira wa kazi mnayojua kuwa itamuua mtu.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa. Ni kweli, na ndiyo maana tumetanguliza birika na jiko. Asiye na uwezo wa hita salama hakulazimishwa kuwa na hita. Wapo watakaosema ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kadari, na kufunga ngamia kabla ya kutawakali nako kumeamrishwa, kama ilivyo katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi.

Tukubaliane haya majumbani

Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tunawaomba akina baba na akina mama wakae na watoto wao jioni moja tu na kukubaliana:

- Hita ya ndoo itolewe nyumbani. Msimpe jirani. Ikateni waya na muitupe.
- Mtoto haonji maji kwa mkono yakiwa na kitu chochote cha umeme ndani yake, hata kama taa zimezimika. Umeme unarudi bila kubisha hodi.
- Hakuna soketi wala ektensheni bafuni.
- Mzee akihitaji maji, anayeyapasha ni mtu mzima. Mtoto anayetaka thawabu atabeba kata, taulo na msala.
- Mtu akipigwa na umeme, asiguswe kabla ya umeme kukatwa kwenye swichi kuu. Anayemkimbilia kwa mapenzi hufa pamoja naye. Ukikatwa, aitwe mtu wa kusaidia na apelekwe hospitali hata akisema hajambo.
- Aliyeungua na maji, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si mafuta.

Nasi walimu tumejiwekea letu. Katika mlango wa maji, baada ya kuwahesabia watoto yale saba, tunaongeza sasa somo fupi juu ya maji ya ndoo yenye umeme. Mwanafunzi wetu yule ndiye aliyelieleza mara ya kwanza mbele ya wenzake, akiwaonyesha alama iliyobaki mkononi. Watoto walinyamaza kuliko wanavyonyamaza kwetu siku zote.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na watoto wetu, awape afya wazee wetu, atukubalie udhu wetu na Swala zetu, na atujaalie tuwe wenye kujua kabla ya kutenda. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.